Blanketi la Kwenye Pipa

Kuna maneno matatu ambayo nikiyasikia nyumbani mwangu natamani kurusha sufuria. "Hapa tunapita tu." Mume wangu huyasema kwa upole, kama mtu anayekupa pole, na ameyasema tangu tuhamie nyumba hii ya Brooklyn Center, huku ughaibuni, binti yetu akiwa bado hajaota meno. Sasa binti huyo anavaa viatu vyangu. Bado tunapita.

Dirisha la chumba chetu halifungi vizuri kwa sababu tunapita. Zulia la sebuleni limebaki nyuzi kwa sababu tunapita. Majani ya miti yakianza kugeuka rangi, majirani huita fundi akague mtambo wa kupashia nyumba joto, hubadilisha mipira ya kuziba upepo milangoni, hununua koleo jipya la theluji. Mimi hukusanya majani kwa reki mpaka viganja vinaota malengelenge, halafu naingia ndani kubandika nailoni kwenye madirisha kwa selotepu na kuipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele hadi ikazike. Kazi hiyo naijua sana siku hizi, na naichukia. Upepo ukivuma nailoni inaingia na kutoka kama kifua cha mtu mgonjwa. Mimi nimelala naitazama, na mwenzangu anakoroma chini ya blanketi jembamba tulilonunua kwenye duka la mitumba.

Ndiyo, mitumba. Tumevuka bahari tukaja kujifunika mitumba, na chini ya sakafu tunayoikanyaga kuna mablanketi mapya ambayo hayajawahi kuguswa na mguu wa mtu.

Yamo ndani ya mapipa. Wenzangu wa huku hawahitaji maelezo, maana wengi wao wana pipa lao. Ni la plastiki, la buluu, lenye pete ya chuma ya kubana mfuniko. Ndani yake unaweka vitu vizuri vya ile nyumba unayoijenga kwenu: shuka, taulo, vikombe, birika la umeme. Pipa likijaa linapelekwa melini. Mume wangu hulipanga mwenyewe, akisukumia soksi ndani ya birika na vijiko ndani ya soksi, kwa sababu, kama anavyopenda kusema, hatusafirishi hewa. Shida ni kwamba pipa lake halijai. Likikaribia kujaa ananunua kitu kisichoingia, mara saa ya ukutani, mara sufuria ya kupikia harusi nzima, basi inabidi tuanze pipa la pili. La pili likiwa nusu, la kwanza linalisubiri, ili yaende pamoja. Huko chini ndiko iliko mashine yangu ya kufulia. Kila wiki nashuka na kapu, nafua shuka zilizochakaa, na nyuma yangu yamesimama yale mapipa yenye shuka mpya za kitanda ambacho hata hakijachongwa. Nimeyapiga mateke. Si mara moja.

Kati ya vitu vyote hivyo, kimoja kilikuwa na mwenyewe. Blanketi zito la rangi ya damu ya mzee, la pande mbili, laini kiasi kwamba dukani tulipeana zamu kulishika. Mume wangu alimnunulia mama yake, aliyekuwa akiishi peke yake Kinangop, kule ambako mwezi wa saba nyasi huamka nyeupe kwa barafu na viazi huungua shambani. Siku hiyo alikuwa na furaha ambayo simwoni nayo mara nyingi. "Mama atalala kama malkia," alisema, akalibeba mwenyewe mpaka kwenye gari.

Nilimwambia tumpe mtu anayesafiri. Pale kanisani kwetu haupiti mwezi mtu hajaenda nyumbani. Akasema huwezi kumbebesha mtu blanketi, linakula sanduku zima, watu watatuona hatuna adabu. Litaenda na pipa. Mwaka ukaisha, na mwingine, na blanketi liko chini ya ngazi, kwenye mfuko wake wa plastiki wenye zipu, linapasha joto vijiko.

Tulikuwa tukimpigia mama simu kila Jumapili baada ya ibada.

"Baridi iko huko, mama?"

"Iko kidogo tu. Sisi tumeizoea."

Nyuma ya sauti yake kuni zilikuwa zikialika motoni, naye akikohoa. "Uko jikoni?" "Niko jikoni, napika." Ikawa mzaha wetu, kwamba mama yetu anapika asubuhi, mchana na jioni, sijui anampikia nani. Jiko lake ni kibanda cha mabati kilicho mbali kidogo na nyumba.

Kisha visa yake ikatoka. Alifika majani yakiwa bado yanaanguka, akashangaa kwamba nayatia kwenye mifuko ili yachukuliwe, wakati ng'ombe wangeyalalia. Mimi ni Mtaita na yeye ni Mkikuyu, kwa hiyo tangu niolewe Kiswahili ndicho kinachotukutanisha, na chake ni cha kuchagua maneno taratibu, kama mtu anayechambua maharagwe. Nilimpenda zaidi kwa sababu hakukaa kama mgeni. Nikirudi kutoka kazini Anoka, kule ninakotunza wazee wa watu, nakuta ameshakunja nguo, ameshachemsha chai ya maziwa, ameshafagia hata ngazi za nje.

Halafu baridi yenyewe ikaja, ile inayogandisha kope. Na katika baridi hiyo baba watoto akaendelea kulinda kile kidude cha ukutani cha kuongeza joto.

"Nani ame-touch hii thermostat? Vaeni sweater!"

"Mama yako anasikia baridi."

"Mama ni mtu wa Kinangop. Si ndiyo, mama?"

"Mimi niko sawa," mama akasema. "Msisumbuke." Alikuwa ameketi mbele ya oveni, mlango wa oveni wazi, mikono imeingia ndani ya mikono ya sweta.

Jumamosi moja mchana niliingia chumbani kwake kubadilisha shuka. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, lakini kilikuwa na nundu. Nikafunua. Chini ya lile blanketi letu jembamba alikuwa amepanga makoti. Koti langu la zamani, koti la mwanawe, lile dogo la binti yangu la tangu chekechea, yote kutoka kabati la mlangoni, yamelazwa moja kando ya jingine, mikono imekunjwa. Usingizi wake wote ulikuwa chini ya makoti, na asubuhi alikuwa akiyafunika tusiyaone. Huyu ni mwanamke aliyemlea mwanawe kwa kuuza viazi na maziwa. Amekuja nyumbani kwa mwanawe, anaiba joto kabatini kama mwizi.

Sikumwita mtu. Nilishuka ngazi, nikaing'oa ile pete ya chuma, na nilipoing'oa ikanikata kidole, hilo nalo likanizidishia hasira. Nikatoa taulo, nikatoa saa, nikatupa soksi zenye vijiko sakafuni zikalia. Mume wangu akaja mbio.

"Unafanya nini? Hiyo ni ya nyumbani!"

"Nyumbani ni wapi?"

"Mama watoto, tafadhali."

"Nimekuuliza, nyumbani ni wapi? Mama yako yuko hapa juu!"

Nikampita na blanketi kifuani. Mama alikuwa sebuleni na binti yangu, wanamenya viazi. Nikaliweka mapajani pake, mfuko na yote. Akaifungua ile zipu kwa vidole viwili, akiogopa kuchafua. Akapitisha kiganja, akalipindua, akapitisha tena upande wa pili.

"Ni la nani hili?"

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. "Ni lako, mama. Tulikununulia."

"Aa! Lini?"

Mume wangu angeweza kusema jana. Lakini binti yangu, ambaye husikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, hakuinua hata macho kutoka kwenye kiazi chake. "It's been down there since I was in first grade, Dad."

"Anasema nini?" mama akauliza.

Hakuna aliyetaka kutafsiri, na mimi nilikuwa na hasira, nikatafsiri. "Anasema limekuwa huko chini tangu akiwa darasa la kwanza." Sasa yuko la sita.

Mama akafikiri. Alikuwa anatafuta mwaka, na alipoupata alisema bila kulaumu, kama mtu anayekumbuka tu kitu.

"Huo ndio mwaka nilihamisha kitanda. Kile chumba kilinishinda, kifua kilikuwa kinaumana. Nikapeleka kitanda jikoni, karibu na moto. Ndiko nililala mpaka nikaja huku."

Nilimwona mume wangu akielewa. Kuni zilizokuwa zikialika kwenye simu, kikohozi, napika, napika. Alishika fremu ya mlango. Nilitaka kumhurumia na sikuweza. Miaka yote hiyo mama yake alikuwa analala kwenye moshi, na dawa yake ilikuwa chini ya ngazi zetu inasubiri pipa lijae.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Lakini mama alilikunja blanketi kwa uangalifu, kona kwa kona, akalirudisha kwenye mfuko, akafunga zipu.

"Asanteni sana, watoto wangu. Nitaenda nalo. Haifai kulichakaza huku." Akatabasamu. "Mimi hapa napita tu."

Nilidhani nitalia, kumbe nilikuwa nimechemka. Sasa nilijua mwanawe aliyatoa wapi yale maneno. Nikalichukua mikononi mwake, naomba radhi, nililichukua kwa nguvu kidogo, na yeye ni mkwe wangu. Nikang'oa kikaratasi cha duka kwa meno. Nikashuka, nikalitumbukiza kwenye mashine, nikamimina sabuni.

"Ukilifua halitakuwa jipya tena!" mume wangu akaita kutoka juu ya ngazi.

"Haswa!"

Nilikaa kule chini juu ya pipa mpaka likaisha kufuliwa, nikalihamishia kwenye mashine ya kukaushia, nikakaa tena. Lilipotoka lilikuwa moto kuliko mkate. Nikapanda nalo mbio kabla halijapoa, nikamvua mama viatu, nikamlaza mchana kweupe, nikamfunika mpaka kidevuni.

"Ni moto," akasema.

"Ndiyo, mama."

Nikakusanya makoti yetu nikayarudisha kabatini. Nilipochungulia tena alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, na mume wangu ameketi sakafuni kando ya kitanda. Chai niliyomwekea baba watoto pale sakafuni ilikuwa imepoa.

Nikashuka kwenye mapipa kuchukua blanketi la kwetu.