Gari ya Baba Ilichechemea

Mwezi uliopita nilikuwa jikoni, hapa Mulekera, mjini Beni, ninapokaa siku hizi, nikichambua maharage, simu ikalia. Niko katika kikundi cha wapenzi wa magari ya zamani, watu wa Beni na Butembo, na katika wanaume wote wale mimi ni mwanamke peke yangu. Mwanzoni walidhani nimeingia kwa kukosea namba. Mchezo wetu ni huu: mmoja anarekodi sauti ya injini bila kuonyesha gari, wengine wanabahatisha ni gari gani, ina umri gani, inaumwa wapi. Siku ile sauti iliyotumwa ilikuwa ya kamioneti kuukuu inayopiga mara tatu, inaruka, inapiga mara tatu, inaruka. Wote wakajibu pamoja: bougie moja, yaani plagi, imekufa, badilisha haraka. Mimi nilizima simu, nikabaki na maharage yangu mapajani, machozi yakinitoka.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, usije ukanidhania nina wazimu.

Tulikuwa tunakaa Butembo, upande wa Rughenda, juu kidogo ya uwanja wa ndege, pale barabara inapopanda mpaka magoti yanalalamika. Baba alikuwa na kamioneti ya bluu, ya Kijapani, iliyopita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika kwake. Mbele ilikuwa na taa mbili za duara zilizoifanya ionekane kama imeshangaa. Nyuma seremala alikuwa ameiongezea mbao za mkaratusi, akazipaka rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka madirisha yetu. Usukani ulikuwa mkubwa kama sinia. Kiti kilikuwa kimeshonwa upya kwa turubai, na hata ukikisugua kwa sabuni asubuhi hadi jioni, kilinuka samaki.

Maana kazi ya gari ile ilikuwa samaki. Baba aliteremka mpaka Kyavinyonge, ziwani, akapakia tilapia wa chumvi na wa moshi, abiria wakakaa juu ya vikapu, kisha gari ikaipanda ile milima yote mpaka soko la Butembo. Ninaisifu bila aibu. Magari ya leo yakiwashiwa kitaa kimoja chekundu yanagoma kama bibi harusi aliyenuna. Ile nimeiona ikipanda na tangi la mafuta lililozibwa kwa kipande cha sabuni, mlango wa kulia umefungwa kwa kamba, na kuku wawili wananing'inia ubavuni, na bado ikafika kabla ya mvua. Nilipenda kila kitu chake, hata ule moshi wake wa bluu ulioingia jikoni na kukaa kwenye nguo.

Ilikuwa na jambo moja tu: ilichechemea. Neno hilo ni la Koko, mama yake Baba, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Aliona mwanga na vivuli, basi. Lakini masikio yake! Injini ilikuwa na silinda nne. Tatu zilifanya kazi, ya nne ilifanya ikitaka. Pa-pa-pa, kimya. Pa-pa-pa, kimya. Sisi watoto tukiwa uani tunapigana, hatujasikia kitu, Koko ameshainua kidole.

«Iko kwa kilalo,» alisema. Kilalo ni daraja la mbao lililokuwa chini kabisa ya mlima. «Inachechemea vizuri. Muweke maji ya bukari.»

Dada yangu alipuliza moto, mimi nilichekecha unga wa bukari, yaani ugali, mdogo wetu alifukuza mbuzi njiani. Maji yalipoanza kuchemka, Baba alikuwa anazima injini mbele ya nyumba. Sikumbuki hata siku moja aliyokula bukari baridi. Wake wa majirani walituonea wivu, kwani waume zao walifika kama mvua ya ghafla na kukuta sufuria tupu. Hata mwalimu wetu wa shule, mtu aliyetumwa kutoka Kisangani na asiyecheka ovyo, alipotufundisha kuhesabu kwa tatu-tatu, darasa zima lilipiga pa-pa-pa, na yeye akageukia ubao ili tusimwone akicheka.

Lakini kuchechemea kwenye mlima wa Kyavinyonge si mchezo. Abiria walianza kushuka na kusukuma, na jirani yetu, aliyekuwa na gari iliyo mpya kidogo, hakumwacha Baba apumzike.

«Papa, ile gari yako iko na malaria? Kila siku inatetemeka!»

Baba alicheka na watu, lakini nyumbani alishika tama. Mwishoni akaipeleka Beni, kwa fundi mmoja wa Mulekera aliyesifiwa kwamba anaweza kufufua hata injini iliyozikwa. Akakaa huko siku nne.

Sasa unisikilize vizuri. Miaka ile, gari usiyoijua ikipanda mtaani kwenu haikuwa habari njema: huenda imebeba watu wenye bunduki. Sina haja ya kukueleza sana. Wewe pia unatoka huku, au umesikia. Watu walikimbia kwanza, wakauliza baadaye.

Siku ya nne, kama saa kumi, Mama alikuwa bado sokoni. Sombe, majani ya muhogo, ilikuwa motoni. Koko alikuwa amekaa kwenye mkeka akibambua maharage, mara mikono yake ikasimama. Chini, darajani, palikuwa na injini inayopanda. Ilipanda bila kuruka hata mara moja, laini, yenye nguvu.

«Ile hapana gari ya mutoto wangu,» alisema polepole. «Ile inatembea na miguu yote.»

Tulisubiri igeuke kwenye njia panda. Haikugeuka. Ilikuja moja kwa moja kwetu.

«Mupite nyuma! Mbio! Hapana kusema!»

Tukapita nyuma ya nyumba, katikati ya migomba na mikahawa, Koko ameshika bega langu kwa sababu haoni, mdogo wetu mgongoni mwa dada, ndala yake moja imebaki uani. Tukashuka mpaka kijitoni, tukajibana katika matete, maji yakituingia mpaka magotini.

Juu, injini ikazimwa. Kisha tukasikia sauti ya Baba. Alimwita Mama. Alimwita Koko. Akaanza kutuita sisi, mmoja mmoja, kwa majina yetu ya ubatizo, ambayo aliyatumia tu kukiwa na jambo zito. Nilitaka kuruka, Koko akanizuia.

«Bako naye,» alininong'oneza sikioni. «Banamulazimisha atuite. Nyamaza.»

Na mkono wake, ule mkono uliotulisha, ukaziba mdomo wa mdogo wetu.

Yeye huko juu alikuwa amekuta mlango wazi, sombe inaungua, na ndala moja ya mtoto katikati ya uwanja. Alidhani tumechukuliwa. Sikujua hayo wakati ule. Nilichosikia ni sauti yake ikikatika, kisha kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwa mwanaume mzima: Baba alilia. Alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani, bila kujali nani anamwona.

Koko alisikiliza muda mrefu, kichwa chake kimeinama. Kisha mkono wake ukalegea.

«Huyu analia peke yake,» akasema. «Tupande.»

Sitakueleza namna alivyotushika. Matope yetu yote yalihamia kwenye shati lake la safari. Koko peke yake alisimama kando, na hofu yake ikageuka hasira.

«Weye umekuja na gari ya nani?»

«Ni yetu, Mama. Imepona.»

«Imepona?»

«Fundi alitia bougie mupya, akasafisha yote. Nilitaka kuwashangaza.»

Hakuna aliyecheka. Mama aliporudi na kuelezwa, alisema kwamba tangu sasa Baba awe anapiga honi darajani. Koko akakataa: «Honi kila mutu anaweza piga.» Na usiku ule, mdogo wetu alikataa kuvua viatu alipokwenda kulala.

Nafikiri ni vile viatu vilivyomshinda Baba. Kesho yake aliwasha gari kurudi Beni, na kwa kuwa tulikuwa likizoni, akanichukua. Njia nzima ile injini iliyopona iliimba vizuri sana. Tulipanda milima ya barabara ya Beni kama hatupandi kitu. Baba aliisikiliza, na mara moja nilimwona akipapasa usukani.

Fundi alitupokea kwa furaha, akidhani tumeleta shukrani.

«Wasingya,» Baba alimwambia, yaani ahsante. «Kazi yako ni safi. Sasa naomba unirudishie ile bougie ya zamani, uiweke palepale ilikuwa.»

Fundi alimwangalia kama mtu asiye na akili timamu.

«Papa, mie nimeponesha moteur, weye unaniomba nirudishe ugonjwa?»

«Ndiyo.»

«Mais pourquoi, juu ya nini? Unasikia vile inaimba?»

«Nasikia. Kwetu nyumbani hapana mutu anaijua hiyo sauti.» Akamsimulia yote, kwa kifupi, bila kumtazama usoni.

Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa cheusi, akajifuta tena. «Nakuambia kweli, Papa. Ukitembeza namna ile, petroli inabakia bila kuungua, inaosha mafuta ya ndani. Moteur itakufa mbio. Na hapana ingine ya kuipata.»

«Ikufe,» alisema Baba. «Batoto bangu bajue kama ni mie nakuja.»

Fundi alichakura kwenye kopo la vyuma vichakavu, akaitoa ile bougie, nyeusi kama kaa, akaifunga mwenyewe huku amenuna. Alipomaliza, akanielekezea mimi kidole: «Usiambie mutu kama ni mie nilitengeneza hivi!» Ni leo tu ninalivunja agizo lile.

Jioni tulipofika darajani, pa-pa-pa, kimya, Baba alipunguza mwendo makusudi. Huko juu moshi wa jikoni kwetu ulikuwa umeshaanza kupanda, na mdogo wetu alikuwa akikimbia kutulaki, miguu mitupu.

Miaka iliyofuata, wale abiria waliendelea kusukuma, na jirani akaendelea kuuliza habari za malaria. Baba aliwajibu kwamba gari ni mzee, mumwache mzee. Nami niliamini hivyo, mpaka nilipokuwa mtu mzima na kujifunza injini kwa kuzipenda, nikaelewa kwamba kila safari ya Kyavinyonge alikuwa anaiua polepole gari iliyotulisha, na alijua. Wanaume wa kikundi chetu wangemwita mjinga. Mimi sijaona fundi wa kumfikia.

Siku hizi tunaandikiana «niko njiani», na mara nyingi mtu bado yuko kitandani. Magari yanapanda Rughenda yakiwa na sauti moja yote, na hakuna anayeinua kidole. Koko alikuwa amekwisha kutuacha wakati kamioneti ilipokata roho, katikati ya mlima, na vikapu vyake vyote vya samaki. Ilivutwa mpaka Butembo, na haikuwaka tena. Siku ile Baba alipanda kwa miguu, na hakuna kati yetu aliyemsikia. Alisimama mlangoni pa nyumba yake mwenyewe, akapiga hodi kama mgeni. Alipiga hodi hivyo kila jioni, mpaka alipofariki.