Dakika Tatu za Magharibi

Mdogo wangu Jaribu ni fundi simu pale Wete, Pemba, na kama umewahi kupasua kioo cha simu huku kaskazini basi huenda umeshamtukana. Ahadi zake hazina miguu. Atakwambia njoo kesho, na hiyo kesho atakwambia vilevile, tena anacheka. Mimi ni dada yake mkubwa, karani wa skuli, nimemlea tangu mama yetu alipofariki yeye akiwa darasa la pili, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Ana kichwa kizuri na moyo mwepesi. Ukimsifu mara mbili umeshampata.

Kitu kimoja tu alikianza akakimaliza maishani mwake, nacho ni mchezo wa bao wa kwenye simu. Ulimchukua miaka mitatu, na kompyuta yenyewe aliiunga kwa vipande vya kompyuta za watu zilizokufa. Akauita Bao la Ole, kwa jina la kijijini kwetu. Hakuuza. Watu walirushiana simu kwa simu, bila bando, bila kuandikisha jina, na ndani yake hapakuwa na cha kununua. Nilimuuliza atafaidi nini. Akanambia, "Da Khairiya, bao nani kawahi kulilipia?"

Bao alilijua kutoka barazani kwetu. Baba yetu, Mzee Masika, ni mkulima wa karafuu na muhogo, mtu mkali, mbishi, asiyependa kushindwa hata kwa bei ya dagaa. Kila siku baada ya Alasiri alicheza na jirani yake Mzee Ahmada. Miaka thelathini na mbili. Mzee Ahmada alikuwa fundi kweli wa bao, na juu ya hapo alikuwa na ulimi. Akimfunga baba humwambia, "Haya, kalale, kesho uje nikufunze tena." Baba alinuna, na kesho yake alikuwa wa kwanza kukaa.

Walikuwa na sharti moja. Adhana ya Magharibi ikisikika, mkono unainuliwa hapo hapo, hata kama umebakiza kete moja kumla mwenzio. Kete zinaachwa zilipo, wanakwenda kusali, wanarudi wanaendelea. Hakuna aliyezigusa. Siye watoto tulikuwa tunalizunguka bao lile kwa mbali, maana fimbo ya baba haikuuliza nani kasogeza nini. Jaribu akalitia sharti hilo ndani ya mchezo wake. Wakati wa sala ukiingia kete zinaganda, na kioo kinaandika: "Kete zako zipo. Nenda kasali." Naona hiyo ndiyo sentensi nzuri kuliko zote aliyowahi kuiandika mtu wa ukoo wetu.

Kisha watoto wa Mzee Ahmada walikuja wakamchukua wakampeleka Tanga, kwa ajili ya magoti yake. Baba alibaki na baraza tupu. Alicheza na watu wawili watatu akagombana nao wote. Simu yake ilikuwa ya bei ndogo, haikuweza kuubeba mchezo wa Jaribu, na hata ingeweza, mchezo ule ulikuwa wa kucheza na mashine au na mtu aliyekaa ubavuni mwako. Baba hakutaka mashine. Alimtaka Ahmada. Hakusema, lakini kila kitu alichokula siku zile kilikuwa hakina chumvi.

Hapo ndipo alipotokea Usama. Mama yake ni wa kwetu, Ole, lakini yeye kakulia Dar es Salaam, na alikuwa akifanya kazi kwenye kampuni moja ya huko inayoleta michezo kwa njia ya mtandao. Alikaa sebuleni kwetu akatueleza taratibu, kijana mwenye adabu, kiatu kakivua nje. Mchezo haukai kwenye simu yako, alisema. Unachezwa kwenye mashine zao kubwa, wewe unaletewa picha tu, na ukibonyeza, kidole chako kinasafiri mpaka kule. Kwa hiyo simu yoyote inafaa, hata ya mzee. Na aliye Ole anaweza kucheza na aliye Tanga.

Baba, aliyekuwa akijifanya anasinzia, akafumbua jicho. "Tanga?"

"Tanga, Mzee. Hata Maskati."

"Na kwa bei gani?"

"Bure kabisa, Mzee. Bando tu, nalo kwa miezi ya majaribio tutalibeba sisi. Kampuni inataka kuona kama michezo ya bure inaweza kusimama kwenye huduma kama hii."

Jaribu aliniletea mkataba niusome, kwa sababu Kiingereza changu ni kizuri kuliko chake. Niliusoma wote, kurasa kumi na moja, ofisini kwangu, mlango nimeufunga. Yote niliyomtahadharisha nayo yalikuwa ya ovyo: jina lake litaandikwa wapi, picha yake itakuwa kubwa kiasi gani. Kifungu cha tisa kilisema kuwa baada ya miezi ya majaribio, mchezaji wa bure asiyegusa kioo kwa dakika tatu ataondolewa na mwenzake atahesabiwa mshindi. Nilikisoma kwa sauti. Tukacheka. Tulidhani kimeandikwa kwa ajili ya wavivu, wale wanaolala na simu mkononi. Wallahi, haikunijia hata mara moja kuwa mtu aliyekwenda kusali, kwa hesabu za mashine, ni mtu asiyegusa kioo. Nikamwambia, "Tia saini." Mimi ndiye niliyemwambia.

Miezi ile mitatu ya kwanza sijawahi kumuona baba vile. Alasiri ikitoka anakaa barazani, miwani puani, simu kaiegemeza kwenye kopo la kahawa, na Mzee Ahmada yuko Tanga anampiga maneno kwa ujumbe wa sauti. "Masika, umezeeka, siku hizi wacheza kama wapara samaki." Baba anacheka mpaka anakohoa. Magharibi kete zinaganda, maandishi yanatokea, kila mmoja anakwenda msikitini kwake, wakirudi wanaendelea. Msikitini watu walimpa Jaribu mkono. Mzee mmoja alimwombea dua mbele ya safu nzima, na mdogo wangu, si nimesema ana moyo mwepesi, alitembea wiki nzima kama bwana harusi.

Mwezi wa nne kifungu cha tisa kikaanza kazi.

Na lipo jambo la jua ambalo sikuwa nimelifikiria. Jua la Pemba linazama kabla ya la Tanga. Si kwa mengi, ni dakika mbili tatu, lakini zinatosha. Adhana ya kwetu ilitangulia, baba akainuka, mashine ikaanza kumhesabia. Adhana ya Tanga inapomalizika, baba ameshatolewa nje na Mzee Ahmada ameshaandikwa mshindi, hata siku ambayo alikuwa amebakiza kete za kuokoteza. Siku ya kwanza walicheka wote wawili. Siku ya tano Mzee Ahmada alituma sauti, "Leo tena nimekula bila kupika." Alikuwa anatania, kama alivyotania maisha yake yote. Baba aliigeuza simu kifudifudi.

Jaribu alimpigia Usama simu mbele yangu, sauti kaiweka wazi.

"Rudisha kuganda," alimwambia. "Watu wakenda kusali wawekewe kete zao."

"Kaka Jaribu, nisikilize," Usama alisema, na mpaka leo siwezi kusema kuwa alidanganya. "Mchezo ukiwa ndani ya simu ya mtu, asiyelipa hakugharimu kitu. Anakula betri yake. Ukiwa kwetu, kila anayecheza tumemuwashia mashine. Akienda kusali nusu saa, mashine inawaka nusu saa kwa ajili ya kete zilizokaa kimya. Pemba nzima inainuka kwa wakati mmoja. Nani anailipia?"

"Sasa nifanye nini?"

"Wakubwa wamekubali jambo. Anayetaka kushikiwa nafasi yake atalipa kidogo sana, kila siku. Na wewe utapata fungu lako humo."

Jaribu alinitazama. Nilitakiwa kusema kitu, dada mtu, niliyesoma kurasa kumi na moja. Nilikuna mkono wangu tu.

Ijumaa iliyofuata tayari ilikuwa imeenea: Jaribu wa Masika anauza ruhusa ya kusali. Ndivyo ilivyosemwa, kwa maneno hayo hayo, na mtu yule yule aliyemwombea dua alihamisha viatu vyake visikae karibu na vya mdogo wangu. Nilitaka kugombana na msikiti mzima. Lakini ningewaambia nini? Kwamba si yeye anayeuza, yeye anapata fungu tu?

Baba nilimwambia nitamlipia mimi. Alinitazama kama nimemtukania mama yake.

"Ninunue sala yangu? Miye? Kwa Usama, ntu ambaye babu yakwe tumemzika sote hapa Ole?"

"Si sala, baba, ni nafasi."

"Basi nafasi yangu nitaipoteza. Toka mbele yangu."

Akaendelea kuipoteza, kila siku, kwa wiki saba. Na kila siku jina la Mzee Ahmada lilipanda juu kwenye orodha, na la baba lilishuka, na orodha ile iliwatokea wachezaji wote wa Pemba na Tanga. Msomaji unaweza kusema, jamani, mzee wa miaka sabini na mbili anajali orodha? Humjui baba yangu. Alikuwa ameanza tena kutokula vizuri.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Nilikuwa namtilia maji ya udhu, na kwa kuwa nimekulia pembeni mwa bao nikatupa jicho kwenye simu yake. Safu ya mbele ya Mzee Ahmada ilikuwa imebakiwa na kete moja. Moja tu, na safu hiyo ikiwa tupu umefungwa. Baba alikuwa amemkamata, safari hii kwa akili yake, bila bahati, kwa mchezo alioujenga tangu Alasiri. Zamu ilikuwa ya Ahmada, na Ahmada alikuwa anafikiri. Hana haraka, Ahmada, hajawahi kuwa na haraka.

Muadhini wetu akaanza.

Nilisimama na kata ya maji. Baba hakuinuka. Nilisubiri mpaka hayya alas-swalah. Nikasema, "Baba, adhana."

"Nasikia."

Akagusa kioo kwa ncha ya kidole, pembeni, mahali pasipo na kete, ili mashine ijue yupo. Adhana ikaisha. Akagusa tena. Wanaume walikuwa wanapita njiani kwenda msikitini, wawili wakamsalimia, na yeye akawaitikia bila kuinua uso. Nikajua ni wakati gani adhana ya Tanga ilipoanza, kwa sababu baba aliacha kupumua. Kule Ahmada aliinuka. Nilimjua, aliinuka hapo hapo, na kete yake moja akaiacha ilipo. Halafu baba yangu akakaa akamhesabia rafiki yake dakika tatu.

Simu ikaimba wimbo wake wa ushindi. Baba akaizima, akatawadha kwa maji yaliyokwisha kupoa mkononi mwangu, akakimbia. Alikuta rakaa ya pili. Alisimama safu ya mwisho pamoja na watoto, na imamu alipotoa salamu, safu zote zikageuka zikamuona Mzee Masika anainuka peke yake kulipa rakaa. Hayo nilihadithiwa na Jaribu, aliyekuwa pale, na akilisema hilo alikuwa analia.

Sauti ya Mzee Ahmada iliingia baada ya chakula. Haikuwa na utani. "Masika. Nimerudi msikitini nikaona jina lako. Adhana yenu hutangulia ya kwetu. Ulikuwa wapi?"

Baba aliisikiliza mara mbili. Kisha akampa Jaribu simu. "Mwandikie. Mwambie nilikuwa naumwa, sikuweza kuinuka."

Jaribu alinitazama tena, vile vile kama siku ya Usama, na mara hii pia nikakuna mkono. Akaandika. Vidole vile vilivyoandika "Kete zako zipo" viliandika uongo wa baba, herufi kwa herufi, na kuutuma.

Mchezo wenyewe haukukaa sana. Baada ya miezi miwili kampuni ilisema michezo ya bure hailipi gharama ya mashine, wakaifuta yote, na ule wa Jaribu ukafutwa pamoja nayo. Kwa mkataba niliomsomea, hana ruhusa ya kuutoa tena mahali popote kwa miaka mitano. Sasa anabadilisha vioo vya simu, na ahadi anazitimiza siku hizi, kazi ya kesho anaitoa leo. Wateja wanamsifu. Mimi ningetoa chochote nimsikie akimdanganya mtu huku anacheka.

Lakini Jumatano ile ile ya uongo, majibu ya Tanga yalikuja kabla baba hajakunja mkeka. Yalikuwa ya maandishi, na Mzee Ahmada hakuwahi kutuandikia. Baba alikuwa kageukia ukuta. "Kasemaje?" aliuliza.

Jaribu akamsomea yote, kwa sababu hakujua la kuficha lilikuwa lipi.

"Mpe pole baba yako. Kama mgonjwa, basi apumzike. Nisimchoshe tena na bao."