Kidole cha Bhabatosh

Kwa miaka thelathini Hoimonti alifundisha biolojia hapa mjini Krishnanagar. Aliwakaririsha watoto kwamba ndani ya kongosho mna seli ndogo zinazotengeneza insulini, na bila insulini sukari huzagaa tu kwenye damu, haina pa kuingia. Alipostaafu, seli zake mwenyewe zikalegea. Akapewa vidonge, mashine ya kupimia sukari, na mkwe wake Sutapa, mlinzi asiyesinzia.

Januari hiyo alikula sandesh sita, vitamutamu vya maziwa na sukari guru mpya, jikoni, amesimama. Kisha akakumbuka kwamba Sutapa angeikagua mashine jioni.

Mumewe Bhabatosh alikuwa amelala baada ya wali na samaki. Mzee huyu hakuwahi kuugua, na alijisifia hilo mezani kila siku. Hoimonti akamtoboa kidole, ili mashine isome damu ya mzee badala ya yake.

"Mbu!" alifoka Bhabatosh, akageukia ukutani.

Mashine ikasoma mia tatu na kumi na mbili.

"Imeharibika hii," alinong'ona Hoimonti. Akaifuta namba ile. Kesho yake akarudia kabla mzee hajatia kitu mdomoni. Mia mbili arobaini. Akajipima na yeye: mia na hamsini, kama kawaida yake. Mashine ilikuwa nzima.

Akakumbuka jinsi mzee alivyokuwa akimaliza mtungi wa maji, na safari zake za chooni, ambazo yeye alizitania. Kunyamaza kungemwokoa yeye, mzee je?

Akamwita Sutapa, akaungama yote, hata zile sandesh.

"Sita, Mama?"

"Zilikuwa ndogo."

Daktari alimpima Bhabatosh upya, akatikisa kichwa. "Mzee, seli zako za insulini zimefanya kazi kupita kiasi. Zimechoka, lakini hazijafa zote. Tumewahi."

"Zimechoka?" Hoimonti alidakia. "Amefanya kazi gani huyu?"

Bhabatosh akaanza vidonge. Kila asubuhi wakawa wanatembea hadi mto Jalangi na kurudi, wakigombana njia nzima. Baada ya miezi mitatu sukari yake ikashuka vizuri, majigambo yakarudi.

Siku moja alisimama njiani, akanyoosha kidole. "Bado hujaniomba radhi. Ungeniomba ruhusa kwanza."

"Ungenikubalia?"

"Ningekatalia mbali!"

"Ndiyo maana sikuomba," alisema Hoimonti, akamtangulia.