Niliandika Siku za Mjusi, Nikasahau za Mama

Mhariri, nakuomba ufiche jina langu na la kijiji changu. Kaka yangu hulisoma gazeti hili kwa sauti ofisini kwake, na watu humzunguka kusikiliza. Wasomaji inatosha mjue kwamba nina miaka thelathini na moja, nilimaliza kidato cha nne, nafundisha shule ya msingi si mbali na Kinyangiri, nina mke na mtoto mmoja, na nina hasira ambayo haijapoa wiki ya tano sasa.

Tulihamia kijiji kipya mwishoni mwa kiangazi, kwa amri ya serikali kwamba watu wote wakae pamoja. Kaka ndiye mwenyekiti. Mimi ndiye niliyesoma amri hiyo na majina ya kaya za kuhama mkutanoni, kwa kuwa nina sauti ya darasani, na jina la mama nililisoma kama mengine yote. Mama akakataa kuhama. Kaka akasubiri mpaka alipoenda kisimani, akapeleka mgambo wakabomoa paa la tembe lake la udongo ili asiwe na pa kurudi. Nilikuwepo. Boriti ya kwanza ilipoanguka, ilianguka na mjusi wa ukutani mwenye mkia uliokatika. Nilimfahamu. Kwa miaka mingi alikuwa akivizia wadudu karibu na kibatari cha mama, na mama alikuwa akimsalimu jioni kama jirani. Nilimtia mfukoni. Nilitaka niokoe hata kitu kimoja.

Nikamwekea sanduku tupu la chaki, nikaziba juu kwa wavu wa waya, nikaweka kipande cha gome la mti ajifiche. Nina desturi ya kuandika shajara tangu sekondari, basi nikamwandika. Tarehe 3: nzi wawili, hakugusa. Maji amelamba tone moja. Tarehe 5: panzi mdogo, hakugusa. Nimehamishia sanduku juani. Tarehe 8: nimemletea kumbikumbi, amegeuza kichwa. Mbavu zinaonekana. Tarehe 11: nondo, hakugusa.

Mama tulimpa nyumba yake ndogo karibu na yetu, kwenye mstari wa nyumba mpya. Siku ya kwanza aliutazama ule mstari akaniuliza, "Mwalimu, mimi nimekuwa mwanafunzi wako? Mbona umenipanga?" Nilicheka. Kila jioni mke wangu alimpelekea ugali wa mtama na mlenda, bakuli likarudi jeupe. Nikajua anakula.

Tarehe 12 mke wangu alinikuta nimepiga magoti mbele ya sanduku, nimeshika nzi kwa vidole viwili.

"Baba Neema," akasema, "niletee hilo daftari."

"La nini?"

"Nitafutie siku ambayo mama alimaliza chakula chake. Wewe si unaandika kila kitu."

Nikapekua kuanzia siku tuliyohama. Kulikuwa na mvua, mahudhurio ya wanafunzi, nzi, panzi, nondo. Mama hakuwemo hata mstari mmoja. Mke wangu akaniambia kuwa amemfuma mama akimwagia mbwa wa jirani ugali wote, kisha akilisugua bakuli kwa mchanga. Nilikwenda kumwamkia, nikautazama mkono wake. Bangili yake ya shaba, ambayo zamani haikuweza kutoka kifundoni, ilikuwa imepanda hadi katikati ya mkono.

Nilimfuata kaka ofisini nikamwomba mama arudi kwake, nami nitaezeka paa mwenyewe.

"Akirudi yeye, kesho kumi wako njiani," akasema. "Nikaseme nini wilayani? Mama wa mwenyekiti amekimbia kijiji?"

"Hali chakula, kaka."

"Mtu mzima hususa, akiona njaa atakula. Wewe kamlishe mjusi wako. Nasikia naye amesusa." Waliokuwemo wakacheka. Yule aliyecheka zaidi alinyonya maziwa ya mama yetu huyohuyo, mama yake mzazi alipokuwa hana.

Jumapili nilichukua sanduku nikatembea saa mbili hadi kwenye tembe letu. Kuta bado zimesimama. Nikafungua wavu mbele ya ufa uliokuwa juu ya meko. Mjusi akapanda, akakaa kimya. Nzi akatua. Mjusi akamkamata mbele ya macho yangu, kisha akamkamata wa pili. Nikaandika: amekula. Halafu nikaupiga ule ukuta teke hadi mguu ukavimba.

Msiniandikie kuniambia kwamba mama si mjusi. Hilo nalijua, nimesoma. Mjusi anataka ufa na udongo unaotunza joto, na sanduku halina. Mimi mwenyewe nimejieleza hivyo njia nzima, na hainisaidii.

Niliporudi, mama alikuwa kizingitini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umemrudisha?"

"Nimemrudisha."

"Akala?"

Nilitaka kumdanganya. "Alikula, mama."

Akaishika bangili yake. "Na mimi unalo sanduku la kunitosha?"

Wasomaji, nikimbeba mama kumrudisha, nitakuwa nimevunja amri niliyoisoma kwa mdomo wangu, na kaka ameapa kuandika barua ili nifukuzwe kazi. Tena mgambo watamfuata, watabomoa na kuta. Nikimwacha hapa, namtazama akiisha. Mngekuwa mahali pangu mngeanza na lipi? Na wewe kaka, kama unaisoma hii ofisini na umeshajijua, usiishie hapa. Soma mpaka mwisho, kwa sauti ileile.

Siku hizi shajara yangu ina ukurasa wa mama. Jana: uji, vijiko vitatu. Leo: maji tu. Bangili imevuka kiwiko.