Hataki Chochote

Tulipofika Maskati mwaka 1964 nilikuwa na miaka kumi na saba, na masomo yangu yameishia njiani Unguja. Huku shule ya wasichana kama mimi haikuwepo. Kiingereza ndicho kitu pekee nilichobaki nacho cha kujivunia, na pale Darsait, mtaa tuliokaa, kila barua ya Kiingereza ililetwa kwetu niisome.

Mama alikuwa na dada mmoja tu, mkubwa kwake, aliyekimbilia Mombasa sisi tulipokuja huku. Waliachana kwa maneno, kwani mama mkubwa alitaka tukae pamoja. Baadaye alipooza mkono wa kulia, akawa anaandikiwa barua na jirani yake, bibi wa Kiingereza, mwalimu mstaafu.

Mwaka uliofuata mama aliniagiza niandike kuuliza dada yake kapungukiwa na nini. Hakungoja jibu. Akaanza kufunga mzigo: halua, ubani, shali ya sufu, na magauni mawili aliyoyashona mwenyewe.

Jibu lilikuwa fupi. Bibi yule aliandika kwamba mama mkubwa "wants for nothing". Neno "want" nililijua tangu utotoni: ni kutaka. Ile "for" ilinitatiza, lakini wageni walikuwa wamekaa wananisikiliza, nikairuka. Nikasoma, "Hataki chochote."

Mama akauliza, "Hata kitokacho kwangu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa," nikasema.

Wageni walipoondoka aliufungua mzigo, halua akawagaia majirani. Barua mbili zilikuja tena kutoka Mombasa. Nilizisoma, zilikuwa za salamu na kutuulizia hali. Mama alisikiliza na hakunituma kujibu. Ya tatu ilileta habari kwamba mama mkubwa amefariki.

Mwaka 1970 niliajiriwa Matrah kuandikisha wagonjwa kwa daktari mmoja wa Kihindi. Alikuwa na kamusi nene ya Kiingereza, inayotaja maana za kila neno kuanzia ya kale kabisa. Siku moja wagonjwa walikuwa wachache, nikalitafuta lile neno. Hapo zamani "want" halikuwa kutaka hata kidogo. Lilikuwa kukosa, kupungukiwa. Kisha likawa kuhitaji, na kutamani kukaja mwisho, baada ya karne nyingi. Bibi yule aliandika kwa maana ya kale: mama mkubwa hakupungukiwa na kitu. Alikuwa akijibu swali letu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata sisi twasema hivyo. Mchuzi unataka chumvi, ukuta unataka chokaa. Nani aliyewahi kudhani ukuta una matamanio? Ningetulia kidogo tu ningeelewa.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama yote. Alikuwa anachambua mchele, na mikono yake haikusimama.

"Kwa hiyo alikuwa hana shida," akasema. "Alhamdulillahi." Halafu akanitazama. "Mbona hukunambia kama huna hakika?"

Nikaketi kando yake, nikaanza kuchambua naye.

Wiki ile aliniomba nimwandikie yule bibi, nimuulize dada yake kazikwa wapi na kama alimtaja mama siku zake za mwisho. Niliandika polepole, nikirudia kila neno. Barua ilirudi baada ya miezi kadhaa, imegongwa muhuri kwamba mwenyewe amehama, hajulikani alipo.