Wimbo Usiochezeka

Juzi, kwenye duka la dawa pale Kashai, mzee mmoja anayepiga tarumbeta kwenye bendi ya kanisa alikuwa akimlalamikia dada muuzaji juu ya mtunzi kijana wa Muleba anayewaandikia muziki.

"Nyimbo zake hazichezeki, mwanangu. Unasubiri furaha, haiji."

Dada aliweka chini mkasi aliokuwa akikatia vidonge. "Baba, mlipiga wimbo wake tulipomzika mama. Nyimbo nyingine zote zilikuwa zinaniambia nijikaze. Ule uliniacha nilie."

Mzee alivua kofia, akaishika kifuani. "Pole, mwanangu. Sisi wapigaji huwa hatuwaoni wafiwa. Tunatazama nota tu."

Sisi tunaopenda kuukosoa muziki tungefanya vyema, mara mojamoja, kuwauliza waliokaa karibu na jeneza.