Jiko Chumbani kwa Bibi

Juzi hapa kwetu Mwanjelwa, Mbeya, nilikuwa nachambua mchicha, mwanangu kakaa kizingitini anakariri. Kujongea, kupumua, kula, kukua, kuzaana, kuhisi, kutoa taka mwili. Mdomo unaimba, akili iko kwenye mpira. Nikamwambia akakaririe nje. Alinishangaa, maana kila siku mimi ndiye ninayemfukuza aje ndani asome. Ningemwelezaje kwamba maneno hayo yananisisimua mwili mpaka leo? Bora nikueleze wewe, rafiki yangu, ambaye hutanicheka.

Nililelewa na bibi mzaa mama kule Kihesa, Iringa, wakati mama yangu akihangaika na biashara Mbeya. Kama hujakaa Iringa mwezi wa saba, usiniambie habari za baridi. Asubuhi ukungu umelala uwanjani, unafagia usichokiona. Maji ya kunawa yanauma vidole. Raha yetu ilikuwa jioni, kwenye jiko la mafiga, viazi vimefukiwa kwenye majivu ya moto mpaka ganda linanukia, Bibi ananipa habari zote za kanisani, nani kagombana na nani kwenye kwaya. Tukimaliza kula, aliyakusanya makaa, akayafunika majivu, akayaambia, "Haya, laleni, kesho tuna kazi." Alfajiri aliyafukua, akapuliza, moto ukaamka. Sikuwahi kuona ajabu yoyote katika hilo.

Mpaka nilipofika darasa la nne. Mwalimu wetu wa sayansi alipenda kutuchokoza. Ijumaa moja aliandika sifa za viumbe hai ubaoni, akageuka akatuuliza: moto unakula kuni, sivyo? Ukinyimwa hewa unakufa. Unakua. Unatembea, waulizeni waliochoma majani ukawaponyoka. Unazaa moto mwingine, na majivu ndiyo taka yake. Je, ni kiumbe hai au si kiumbe hai? Kengele ikalia, akapangusa chaki mikononi, akasema jibu mtalipata Jumatatu.

Wenzangu walikwenda kucheza rede. Mimi nilirudi nyumbani na swali lile kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwenzake. Jioni nilikaa mbali na mafiga. Bibi alipoyaambia makaa yalale, niliona kumbe yeye anajua, siku zote anaongea na kitu kinachosikia. Akaniuliza, "Umekuwaje leo, mama?" Nikasema kichwa kinauma.

Jumamosi Bibi aliamka na mafua, viungo vyote vinamuuma. Tulipomaliza makande ya mchana akasema anajilaza kidogo. Akafanya walivyofanya watu wote wa mtaani kwetu msimu wa baridi. Jiko la mkaa liliwashwa nje mpaka moshi ukaisha na mkaa ukawa mwekundu wote, ndipo likaingizwa chumbani. Dirisha akalifunga, nyufa akaziziba kwa matambara, chini ya mlango akasukumia kitenge kikuukuu. Kila mtu aliamini kinachoua ni moshi, mkaa ukishaiva hauna neno. Mimi akanituma mashineni kusaga mahindi.

Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi na ndoo ya unga kichwani, nyumba ilikuwa kimya. Bibi hakuwa mtu wa kimya. Lango likilia tu utamsikia, "Umerudi?" hata akiwa usingizini. Siku hiyo lango lililia, nikasimama, nikangoja. Nikaita. Nikatua ndoo nikaenda kusukuma mlango, ukakwama kwenye kile kitenge, nikausukuma kwa bega.

Joto la mle ndani lilinipiga usoni. Bibi alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi kidogo. Nilimwita, kimya. Nikamtikisa, mkono wake ukaanguka pembeni ya kitanda ukaning'inia. Nakwambia ukweli, sikulia. Kichwani kwangu ilikuja ile orodha ya ubaoni. Kujongea, hajongei. Kuhisi, nilimfinya mkono, hakushtuka. Kupumua, nikaweka kiganja puani pake, lakini kilikuwa kimekufa ganzi kwa baridi ya njiani, kimejaa unga, sikusikia kitu. Nikageuka nikaliona jiko. Makaa yalikuwa yanavuta na kuachia, yanang'aa na kufifia, majivu yanadondoka chini. Mle chumbani kilichokuwa hai ni kile tu. Nikajua kimekula pumzi ya bibi yangu. Nikaogopa hata kulipa jiko mgongo, na kichwa kikaanza kuniuma kweli.

Nilitoka kinyumenyume, kisha nikakimbia kwa mama jirani aliyekuwa akikaanga maandazi ya kuuza. Nilichoweza kusema ni, "Bibi, jiko." Hakuniuliza la pili. Aliingia kwa kishindo, akang'oa matambara, akafungua dirisha, akampitishia Bibi mikono kwapani na kumburuta mpaka barazani, kwenye ukungu. "Usisimame hapo mtoto, mshike kichwa." Nikamshika. Alikuwa mzito. Mama jirani alimpangusa uso kwa maji, akamwita kwa Kihehe, akamwita kwa Kiswahili, akaanza kusali. Mimi nilikuwa natazama kifua cha Bibi tu.

Halafu Bibi akatapika. Alitapika makande yote ya mchana juu ya magoti yangu, na sijawahi kufurahia kitu namna ile. Mama jirani akawa anacheka huku machozi yanamtoka, "Tapika, mama, tapika yote." Tulimpandisha bajaji kwenda hospitali. Akapona, akarudi, cha kwanza akaulizia unga wake.

Mwalimu naye alitupa jibu lake: moto si kiumbe hai, hauna seli. Niliandika kama wengine. Lakini hofu haifutwi na jibu la ubaoni. Nikahamia kitandani kwa Bibi, na kila nikizinduka nilipeleka kiganja puani pake. Alikuwa na pumzi nyepesi sana, nikikosa kuisikia sipati tena usingizi. Bahati nzuri, baada ya muda kifua kikaanza kumsumbua. Kila nikigeuka tu, alikohoa kidogo, nami nikalala. Alikohoa hivyo miaka yote niliyokaa naye. Nilipoanza kazi Mbeya, kila nilipopata mtu wa kwenda Iringa nilimpa chupa ya dawa ya kifua ampelekee.

Nyumba ile sasa ina madirisha ya aluminiamu, mafiga yameng'olewa, wanapikia gesi. Hakuna anayefukia makaa wala kuyaambia yalale. Bibi mwenyewe alifariki kwa uzee tu, amelala. Siku ya msiba mama yangu mkubwa aliniita chumbani, akanionyesha chini ya kitanda. Dawa zangu zote zilikuwa pale, hata moja haijafunguliwa.

"Mama hakuwa na kifua," akaniambia. "Alisema asipokohoa, mtoto halali."

Nikarudi sebuleni nikakaa karibu na jeneza lake. Watu walikuwa wamenyamaza wakisubiri mchungaji, na mimi nikajikuta nasikiliza.